Kumwambia Mzazi: Habari za Somo Lililochelewa

Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja wa utabibu aliniomba nikakae katika darasa lake kwa asubuhi moja. Alikuwa akiwafundisha madaktari vijana namna ya kumpa mzazi habari mbaya juu ya mtoto wake, na alitaka mtu wa lugha ayasikilize maneno yao. Nilikwenda nikidhani kuwa nitasahihisha sarufi. Nilitoka na swali lisilohusu sarufi hata kidogo: ilikuwaje elimu hii, ambayo kila tabibu wa watoto aihitaji, ikakaa karne nyingi bila ya kuwa somo? Mifupa ilikuwa na mwalimu wake, dawa zilikuwa na mwalimu wake, na kunawa mikono pia kulipata mwalimu. Lakini namna ya kusema na mama ambaye mtoto wake hataishi, kijana aliachiwa aiokote mwenyewe njiani. Katika insha hii nataka kueleza somo hilo lilitoka wapi, na ni nani walioleta.

Kimya cha matabibu wa zamani kilikuwa na sababu zake, na sababu hizo zilifundishwa. Miongoni mwa maandiko ya kale ya Wayunani yaliyokusanywa chini ya jina la Hippocrates imo risala ndogo juu ya adabu za tabibu. Risala hiyo yamwagiza tabibu atende kazi yake kwa utulivu na amfiche mgonjwa mambo mengi, hasa yale yahusuyo mwisho wa ugonjwa wake, kwa kuwa wapo wengi waliozidiwa baada ya kuambiwa. Neno la tabibu lilihesabiwa kuwa kama dawa kali: lisitolewe ovyo.

Fundisho hilo lilidumu. Mwaka 1803 Thomas Percival, tabibu wa Manchester katika Uingereza, alitoa kitabu juu ya maadili ya utabibu ambacho kwa muda mrefu kiliwaongoza matabibu wa nchi zisemazo Kiingereza. Percival alimtaka tabibu asiwe mwepesi wa kutabiri mabaya. Walakini aliona kwamba hatari haiwezi kufichwa kwa watu wote, na kwa hiyo aliagiza kuwa jamaa wa mgonjwa waarifiwe kwa wakati wake. Kisha akaongeza shauri ambalo nililisoma mara mbili kabla ya kuliamini: kwa kuwa habari hizo hutisha zaidi zitokapo kinywani mwa tabibu, ni bora tabibu aiepuke kazi hiyo kila awezapo kumpata mtu mwingine mwenye busara na upole wa kuifanya. Mwaka 1847 chama cha matabibu wa Marekani kilipoandika kanuni zake za kwanza, shauri hilo lilichukuliwa karibu neno kwa neno.

Msomaji wa pwani asiharakishe kumcheka Percival. Sisi nasi tuna desturi iliyo jirani na shauri lake. Habari za msiba hazipelekwi na kijana. Hutafutwa mtu mzima, jirani au shemeji, mwenye ulimi wa pole. Aliye safarini huambiwa kuwa mgonjwa amezidiwa na kwamba yafaa arudi. Hufika akakuta turubai limekwisha fungwa na watu wamekaa mikekani, na kabla hajaambiwa neno amekwisha jua. Desturi hii ina hekima, maana humwandaa mtu na kumweka katikati ya watu wake kabla pigo halijamshukia. Lakini yafaa tutazame tofauti moja. Mjumbe wa msiba hana la kuulizwa, kwani jambo limekwisha. Mzazi wa mtoto mgonjwa ana maswali tele: je, atapona? Ugonjwa umetoka wapi? Nimpe chakula gani? Nilikosea wapi? Shemeji mwenye ulimi wa pole hana jibu hata la moja. Mwenye majibu ni yule yule ambaye Percival alimruhusu kuondoka.

Wako waliopinga mapema. Worthington Hooker, tabibu wa Connecticut, alitoa kitabu mwaka 1849 ambamo alisema wazi kwamba kumdanganya mgonjwa hakumletei heri, na kwamba uwongo mmoja ukigunduliwa huua imani ya mgonjwa kwa tabibu wake. Sauti yake haikufika mbali. Baada ya zaidi ya karne nzima, mwaka 1961, Donald Oken alichapisha majibu ya madaktari 219 wa hospitali moja ya Chicago. Karibu 9 katika kila 10 walisema kuwa wapendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Mwaka 1979 swali hilo lilipoulizwa tena katika Rochester, jimbo la New York, 97 katika kila 100 walisema kuwa wapendelea kumwambia. Ni nadra kuona desturi ya maelfu ya miaka ikipinduka katika miaka 18. Hao waliulizwa juu ya watu wazima. Kwa habari ya watoto, mapinduzi yalianza mapema zaidi, na yalianza na dawa.

Kabla ya mwaka 1948 mtoto aliyepatikana na lukemia, yaani saratani ya damu, aghalabu alikufa baada ya majuma au miezi michache. Mwaka huo Sidney Farber wa Boston alitangaza kuwa amewatibu watoto 16 kwa dawa mpya, na 10 kati yao wamepata nafuu. Nafuu hiyo ilikuwa ya muda, ugonjwa ulirudi. Lakini angalia kilichotokea katika nyumba za watu. Zamani mzazi alipata habari na msiba karibu kwa pamoja. Sasa paliingia muda kati ya habari na kifo: miezi, na baadaye miaka, ambamo mtoto hucheza, huenda shuleni, hurudi hospitalini, huchomwa sindano, hucheza tena. Katika muda huo mzazi na daktari hukutana kila mara, na haiwezekani wakutane kila mara bila ya kusemezana. Kwa maoni yangu hapa ndipo somo letu lilipozaliwa. Dawa ambayo haikuponya ilinunua muda, na muda ule ulidai maneno.

Madaktari hawakuwa na maneno hayo. Basi wachache wao wakafanya jambo lililokuwa geni: wakawauliza wazazi. Mwaka 1955 ulichapishwa utafiti wa New York juu ya akina mama wa watoto wenye lukemia. Mwaka 1963 Stanford Friedman na wenzake walieleza habari za wazazi 46 waliokuwa wakiwauguza watoto wao katika hospitali ya utafiti ya serikali huko Bethesda, karibu na mji wa Washington. Wengi wa wazazi hao walikwisha shuku ugonjwa kabla ya kuambiwa. Hata hivyo walipoambiwa walipigwa na bumbuazi, na zilipita siku kadhaa ndipo maana ikawaingia. Wengi walijilaumu: laiti ningaliuona uvimbe ule mapema, laiti nisingalimkemea alipokuwa akilala mchana. Mafunzo mawili yalitoka hapo, nayo hayajapitwa na wakati. Kwanza, kusema mara moja hakutoshi, kwa sababu anayesikia mara ya kwanza hasikii. Pili, daktari asingoje kuulizwa kama kosa ni la mzazi, aliondoe mwenyewe. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1978, Myra Bluebond-Langner alionyesha katika kitabu chake kuwa hata watoto wenyewe, ambao kila mtu aliwaficha, walikuwa wakijua kwamba watakufa, nao wakawaficha wakubwa kwamba wanajua.

Swali lingine liliulizwa Scotland. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake huko Paris walitangaza kuwa watoto wenye hali iitwayo kwa jina la Down wana kromosomu moja zaidi. Kabla ya hapo na hata baadaye ilikuwa desturi ya madaktari wengi kunyamaza kwa miezi, au kumwambia baba peke yake na kumwachia mzigo wa kuamua lini mkewe ajue. Mwaka 1964 Cecil Drillien na mwenzake waliuliza katika jarida la matabibu wa Uingereza: wazazi waambiwe lini? Jambo la kutazamwa ni kuwa waliokwenda kuulizwa walikuwa akina mama wenyewe.

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa Barbara Korsch, tabibu wa watoto huko Los Angeles, uliochapishwa mwaka 1968. Korsch na wenzake walinasa kwa mashine ya sauti mazungumzo ya madaktari na akina mama katika ziara 800, kisha wakawauliza akina mama walichoelewa. Magonjwa mengi yalikuwa ya kawaida tu. Hata hivyo karibu mama 1 katika kila 5 aliona kwamba hakuelezwa wazi mtoto wake anaumwa nini, na karibu nusu yao walirudi nyumbani wakijiuliza ugonjwa umetokana na nini.

Hapa naomba ruhusa nitoke kidogo katika vitabu. Mwaka 2001, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilimsindikiza dada yangu mkubwa hospitalini kupokea majibu ya mwanawe, mpwa wangu, aliyekuwa na umri wa miaka 4. Daktari alikuwa kijana wa rika langu au aliyenizidi kidogo. Alitukuta ukumbini, penye watu wapitao, naye amesimama. Alitaja jina la ugonjwa kwa Kiingereza, akatazama karatasi, kisha akasema kwa Kiswahili kwamba ni matatizo ya damu na kwamba turudi Jumatatu. Akaenda zake. Dada yangu alirudi nyumbani akaeleza kuwa damu ya mtoto imepungua. Basi akaanza kupika: mchicha asubuhi, maini mchana, maji ya rosela jioni. Kila mtu mtaani alileta kitu cha kuongeza damu. Siku mtoto alipofariki tulikuwa na fungu la mchicha jikoni. Dada yangu aliamini kwa miaka mingi kuwa hakumlisha ipasavyo, na hakuna aliyeweza kumtoa katika imani hiyo, kwani aliipata hospitalini. Nilimchukia kijana yule muda mrefu. Niliposoma habari za mama wale wa Los Angeles chuki ilihama kidogo, ikawaendea waliomfundisha. Yamkini alikaa darasani miaka mitano au sita, na hakuna aliyemketisha hata saa moja akamwonyesha namna ya kuvuta kiti.

Turudi Los Angeles. Miaka michache kabla ya utafiti wa Korsch, katika mji huo huo, mwalimu wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, Howard Barrows, alikuwa amebuni jambo ambalo wenzake walilicheka. Mwaka 1963 alimfundisha mwanamke mzima wa afya aigize mgonjwa, ili wanafunzi wampime na kuzungumza naye. Mji ule ni mji wa sinema, na waliomcheka walisema ameileta sinema hospitalini. Lakini faida yake ilikuwa dhahiri. Mgonjwa wa kuigiza huweza kurudiwa. Huweza kusimamishwa katikati. Huweza kumwambia mwanafunzi, baada ya zoezi, ni neno gani lililomchoma. Mama wa kweli huambiwa mara moja tu, na neno likisemwa vibaya halirudishwi. Mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Scotland, na wenzake walieleza mtihani wa aina mpya ambamo mwanafunzi hupita kutoka kituo hadi kituo akitenda mbele ya msahihishaji. Tangu hapo kuzungumza na mgonjwa kuliweza kutiwa alama kama somo jingine lolote. Jambo hilo si dogo. Wanafunzi ni wanafunzi dunia nzima: kisichotahiniwa hawakisomi.

Kutoka Manchester, mji wa Percival, lilikuja jibu la wazi kuliko yote. Mwaka 1984 Cliff Cunningham na wenzake waliuliza kama kutoridhika kwa wazazi wa watoto wenye hali ya Down ni jambo lisiloepukika. Wengi walidhani hivyo: mtu aliyepewa habari mbaya atamchukia tu mletaji, vyovyote atakavyoileta. Watafiti hao waliyakusanya malalamiko ya wazazi, wakayageuza kuwa utaratibu. Wazazi wote wawili waambiwe pamoja, mapema, mahali pa faragha pasipo na simu wala wapitaji, mtoto mwenyewe akiwapo, kwa kinywa cha daktari bingwa akiwa na muuguzi atakayewafuata nyumbani. Kisha waachwe peke yao kwa muda, na baada ya siku moja waonwe tena. Wazazi walioambiwa hivyo waliridhika na namna walivyoambiwa, na wale walioambiwa kwa desturi ya zamani wengi wao hawakuridhika. Huzuni ilikuwa ni ile ile kwa wote. Kilichoondolewa ni jeraha la pili, lile linalotiwa na mletaji.

Siku hizi vijana wengi husoma jambo hili kwa hatua sita. Hatua hizo zilichapishwa mwaka 2000 na Walter Baile wa Houston na Robert Buckman, Mwingereza aliyehamia Toronto. Buckman alikuwa ameuliza tangu mwaka 1984 kwa nini kutoa habari mbaya bado ni kugumu hivi. Naye alikwisha kuonja mwenyewe ugonjwa wa kumtisha mtu. Hatua zenyewe ni kuandaa mahali, kuuliza mgonjwa anajua nini, kuuliza anataka kujua kiasi gani, kusema, kuyapokea machozi, na kupanga ya mbele. Ziliandikwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, lakini waalimu wa watoto walizichukua, na kufika mwaka 1999 kulikuwa tayari na hospitali za watoto Marekani zilizokuwa zikiwazoeza madaktari vijana mbele ya wazazi wa kuigiza. Sina ugomvi na hatua hizo. Zinamfaa mwenye kuanza kama mkongojo umfaavyo mwenye mguu mbovu. Nimewaona, hata hivyo, vijana waliozihifadhi kama mtoto ahifadhivyo jedwali la hesabu, na mama akilia wanakumbuka kuwa wamefika hatua ya tano.

Nchi zetu si ngeni katika habari hizi. Shule ya utabibu ya Mulago, Kampala, ilianza mwaka 1924, na ya Dar es Salaam mwaka 1963. Ni katika Mulago ambapo Denis Burkitt alionyeshwa mwaka 1957 mtoto mwenye uvimbe wa ajabu katika mataya, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo ya saratani ambayo leo huitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1960 baadhi ya watoto wenye uvimbe ule walipona kwa dawa, na mwaka 1967 kituo cha tiba yake kikafunguliwa hapo hapo. Lakini daktari wa Afrika ya Mashariki ana kazi ambayo mwenzake wa Houston hana: husoma ugonjwa kwa lugha moja na kuutangaza kwa nyingine. Hatua ya nne, ile ya kusema, kwake ni hatua mbili.

Chukua maneno yenyewe. Saratani ni neno la Kiarabu ambalo maana yake ya kwanza ni kaa, mnyama wa pwani. Wako wazazi walijuao na wako wasemao kansa, na wako ambao hawajui lolote kati ya mawili. Seli mundu ni jina lililotungwa vizuri, na mkulima aijua mundu. Walakini jina halimwambii kuwa ugonjwa huo umetoka kwake na kwa mkewe, na hilo ndilo atakaloulizwa nyumbani. Neno zito kuliko yote ni la kifo. Vitabu vya Kiingereza humwonya daktari asizunguke, aseme neno la kufa. Kwetu kumwambia mama kwamba mwanawe amekufa kwaweza kusikika kama kumtusi. Twasema amefariki, neno ambalo kwa asili ni kutengana, na lina undugu na farakana. Lilianza kama sitara na kwa kutumika sana limekuwa wazi kama neno lenyewe. Lakini si kila sitara imekwisha kuwa wazi.

Katika darasa lile niliona jambo hilo kwa macho. Muuguzi mstaafu, mama wa makamo, alikuwa ameketi akiigiza mama wa mtoto. Binti mmoja, daktari wa mwaka wa kwanza kazini, aliingia, akavuta kiti, akakaa, akashusha sauti, yote kwa utaratibu. Kisha akasema, "Mama, mtoto amepumzika." Muuguzi yule akashusha pumzi, akajibu, "Alhamdulillahi, basi nisimwamshe." Hakuna aliyecheka.

Tulizungumza kwa muda. Kijana mmoja akauliza afanye nini akimkuta babu wa mtoto, mzee wa miaka sabini, maana hawezi kuanza na habari bila ya shikamoo, na mzee atamwitikia na kumwuliza, "Habari za kazi?" Je, ajibu kuwa ni nzuri? Nilifurahi, kwani hapo ndipo lugha yetu ilipo na msaada ambao hatua sita hazina. Mtu wa kwetu akiulizwa habari hujibu, "Njema, ila..." na aliyeuliza akisikia ila hiyo huketi vizuri. Hadanganyi anayeanza na njema, amebisha hodi. Nikawaambia wasiiruke salamu kwa kuona aibu, ila wasikae humo mno. Jambo jingine lililonisumbua ni kuwa wote walimwita muuguzi yule "mama" tu, kama wamwitavyo kila mwanamke wodini. Mtaani kwake angaliitwa kwa jina la mwanawe, mama fulani. Na jina hilo, kwa desturi zetu, mtoto akifa haliondolewi.

Mwalimu akamtaka binti arudie tangu mwanzo. Binti akasimama, akafika mlangoni, kisha akageuka akauliza mtoto anaitwa nani. Karatasi ya zoezi ilikuwa na umri wake, uzito wake na ugonjwa wake. Jina haikuwa nalo. Mwalimu alichukua kalamu akaandika moja juu ya karatasi, akampa. Binti akalisoma, akatoka nje, akafunga mlango, na baada ya muda kidogo tukamsikia akibisha hodi.